Anka za kava la bwawa la kuogelea: zilizokwama, zinazozunguka na zilizong'oka (mafundi wa Marekani na Kanada tukutane hapa)

FundiColumbus:

Wakuu habari za wikiendi. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa tisa huu nafanya kazi za mabwawa ya kuogelea, kufungua mwezi wa nne na wa tano, kufunga ni baada ya Labor Day (Jumatatu ya kwanza ya Septemba) mpaka Oktoba inaisha. Humu ndani kuna nyuzi za magari, za nyumba, za makaratasi, ila hizi kazi za mikono ambazo ndo zinatulipia kodi wengi wetu sijaona uzi hata mmoja, na kila Septemba vijana wananipigia simu na swali ni lile lile, kaka anka imegoma nifanyeje. Basi naandika mara moja hapa, wenye ujuzi zaidi waongeze.

Kwa walioko nyumbani ambao hawajawahi kuona: huku baridi ikikaribia bwawa linafungwa na kufunikwa na kava la usalama. Ni kitambaa kizito kina mikanda pande zote, kila mkanda mwishoni una springi ya chuma kisichoshika kutu, na springi inanasa kwenye anka iliyozamishwa kwenye zege pembeni ya bwawa. Anka yenyewe ni kitu kidogo tu, fikiria fisha ya ukutani lakini ya brasi, ganda la nje limekaza ndani ya tundu na katikati kuna skrubu nene inayopanda na kushuka. Msimu wa baridi unaipandisha ili springi ishike shingo yake, kiangazi unaishusha ilale sawa na sakafu watu wasijikwae.

Sasa kwa nini nalisemea sana jambo hili. Kava hizi zinapimwa kwa kiwango kinaitwa ASTM F1346, na kwa bwawa lenye upana wa zaidi ya futi 8 kava linatakiwa libebe paundi 485, kama kilo 220 hivi, hesabu yake ni watu wazima wawili na mtoto mmoja, yaani mtoto akitumbukia juu ya kava na watu wawili wakamfuata kumtoa lisiachie. Lakini kava lile lilipimwa likiwa limeshikwa na anka zote. Ukiruka anka moja pembeni, mkanda ule unalegea, kitambaa kinanyanyuka ukingoni, na uwazi wa kupita kichwa cha mtoto unapatikana. Hapa Marekani watoto wa mwaka 1 mpaka 4 kinachowaua kuliko kitu kingine chochote ni kuzama majini, hiyo ni takwimu ya CDC kabisa, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa. Mimi nina mtoto wa miaka mitatu. Kwa hiyo mtu akiniambia "ruka tu hiyo moja, ziko 22" sielewani naye.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kazi na kampuni moja ambayo siitaji, pale anka ikigoma unaambiwa funga kamba mkanda wa jirani, piga picha, tuondoke, kuna nyumba nyingine nne za leo. Nililifanya hilo mara mbili na mpaka leo nyumba zile mbili nazikumbuka sura yake.

Haya tuingie kwenye kazi. Wiki mbili zilizopita nimefunga bwawa la bibi mmoja, futi 16 kwa 32, anka 22. Tano hazipandi, mbili zinazunguka tupu, moja haipo kabisa tundu limejaa mchanga na mchwa wamejenga. Nitaeleza moja moja nilivyofanya.

Zilizokwama kwanza. Adui hapa ni mchanga, siyo kutu. Kiangazi chote watu wanapita na miguu yenye mchanga, mvua inasukuma udongo, ule unga unashuka kwenye nyuzi za skrubu na unagandamana kama saruji. Kabla hujaweka spana yoyote chukua msumari au kitu chenye ncha, chokoa lile tundu la pembe sita kichwani mpaka uone chini kabisa, halafu pitisha vakyumu ile ya karakana yenye mdomo mwembamba. Vijana wengi wanakosea hapa, wanapachika aleni (ile spana ya pembe sita) ambayo imeingia nusu tu kwa sababu chini kuna udongo, wanakaza, pembe zinalika, basi umeshaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Anka nyingi zinatumia aleni ya robo inchi, nunua nzuri, ile ya mkono wa herufi T, ya bei rahisi inajipinda.

Ikiwa safi weka mafuta ya kupenyeza, matone machache tu, subiri dakika ishirini, ikiwezekana weka leo urudi kesho. Halafu usianze kwa kupandisha. Anza kwa kushusha kidogo, robo mzunguko, uvunje ule mgando, ndo uanze kupandisha, nenda rudi nenda rudi, kila ikipanda kidogo pitisha vakyumu tena. Mashine ya kugonga-zungusha msitumie wakuu, brasi ni laini, itakula pembe sekunde mbili. Na mafuta yakimwagika kwenye zege futa hapo hapo na sabuni ya vyombo, doa la mafuta kwenye zege jeupe mwenye nyumba ataliona mpaka siku unayofungua.

Kati ya zile tano nne zilipanda kwa njia hii. Ya tano pembe zilikuwa zimelika tayari, mtu alishaipigania kabla yangu. Nilichukua biti ya nyota kubwa kidogo kuliko tundu nikaigonga ndani kwa nyundo taratibu mpaka ikauma, nikazungusha kwa mkono, ikatoka. Skrubu ile inatupwa, unaweka mpya, ganda unaliacha kama liko imara. Ila angalizo: skrubu za kampuni tofauti nyuzi zake hazifanani, Loop-Loc, Meyco, Merlin, kila mmoja ana yake, usinunue kwa macho, beba ile mbovu mfukoni uende nayo dukani.

Za kuzunguka na ile iliyopotea naandika baadaye, naingia kazini.

---

DadaWaEdison:

Kaka asante sana kwa hii. Mimi niko New Jersey, siyo fundi, ni mwenye nyumba, tulinunua nyumba yenye bwawa bila kujua chochote na mwaka jana fundi alitufungia akaacha anka mbili. Nilimuuliza akasema haina shida. Nina mapacha wa miaka miwili. Nimesoma hapa usiku huu nimetoka na tochi kuhesabu. Ziko mbili hazijanaswa na zote ziko upande mmoja, zimefuatana. Nifanyeje kabla fundi hajarudi?

---

FundiColumbus:

Dada pole, na hongera kwa kutoka kuhesabu. Mbili zilizofuatana ni mbaya kuliko mbili zilizo mbali, kwa sababu pale pana uwazi wa mikanda mitatu na zile anka mbili za pembeni zinavuta mzigo wa nne. Leo hii: mlango wa kwenda nyuma ufungwe juu, watoto wasifikie, geti la bwawa liwe na komeo linalofanya kazi. Usiweke mawe wala mifuko ya maji juu ya ule ukingo ukafikiri umeziba, mtoto akipita chini ya kitambaa lile jiwe linamfuata. Fundi arudi wiki hii, siyo Aprili. Na akirudi muulize swali moja tu: ganda linazunguka au skrubu imekwama? Akishindwa kujibu tafuta mwingine.

---

Mwana_wa_Uvira:

Jambo bandugu. Miye niko Louisville, Kentucky, nafanya hii kazi na mjomba. Sisi ile ya kukwama tunaweka siki ya moto kwanza kama bwawa ni la chumvi, kwa sababu pale mara mingi siyo mchanga peke yake, iko na ule weupe wa chokaa unashika juu ya nyuzi. Siki inakula ule weupe, kisha tunaosha na maji, kisha mafuta. Mjomba alizoea kuweka asidi ile ya bwawa, nikamwambia aache, ile inakula zege na moshi yake inachoma kifua.

---

FundiColumbus:

Umesema kweli kabisa ndugu yangu, mabwawa ya chumvi ni habari nyingine. Brasi ya ganda, springi ya chuma kisichoshika kutu, maji ya chumvi katikati, hapo metali mbili zinaanza kulana, na brasi yenyewe zinki inatoka polepole, inabaki nyekundu nyekundu kama shaba na inakuwa dhaifu, unaigonga inamung'unyuka. Ukiona skrubu imegeuka rangi ya waridi usiitumie tena hata kama inazunguka vizuri. Kwa bwawa la chumvi mwambie mwenye nyumba amwagie maji safi anka zote kila akiosha sakafu, ni dakika tano.

Haya, zinazozunguka tupu. Unaweka aleni, unazungusha, skrubu haipandi kwa sababu ganda zima linazunguka pamoja nayo ndani ya tundu. Sababu zake ni tatu nilizoziona: tundu lilichimbwa na mtu mwenye mkono unaoyumba likawa la yai, au vumbi halikutolewa kabla ya kugonga anka ikawa imekaza kwenye unga siyo kwenye zege, au maji yaliingia yakaganda. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na ndani ya tundu pa kutanukia hakuna isipokuwa juu, kwa hiyo kila msimu wa baridi barafu inainyanyua ile anka kidogo.

Ili skrubu ipande, chomeka bisibisi bapa nyembamba kati ya ganda na zege, ishike iwe kabari, halafu pandisha skrubu. Itapanda. Lakini hiyo ni ya kukuwezesha kuing'oa, siyo ya kunasia springi ukaondoka! Narudia kwa sababu nimeikuta sana.

Kuing'oa: pandisha skrubu mpaka shingo yote itoke, weka kipande cha mbao kando kulinda zege, ingiza mdomo wa mtarimbo mdogo chini ya kichwa, vuta huku unatikisa kushoto kulia. Iliyolegea hutoka bila vita. Ikitoka angalia tundu kwa tochi. Kama bado ni duara na zege halijamung'unyuka, safisha kwa brashi ya chupa, puliza kwa kompresa, brashi tena, puliza tena, funga macho na mdomo wakati wa kupuliza. Halafu anka mpya pamoja na epoksi ya kushikia vyuma kwenye zege. Chini ya ganda ziba kwa tepu ili epoksi isipande kwenye nyuzi, na skrubu yenyewe ipake grisi ya silikoni kidogo. Mtu akisahau hili anapata anka iliyoshika milele ikiwa imeshuka chini, hakuna wa kuipandisha tena.

Kama tundu limekwisha kabisa, kuna ganda nene zaidi linauzwa kwa ajili hiyo hiyo, unatanua tundu unaliweka. Na kama zege limepasuka na ufa unapita kwenye tundu, achana nalo, ziba kwa simenti ya viraka, chimba jipya.

---

Kijana_wa_Brampton:

Mkuu mimi nilifundishwa kukata kipande cha kopo la soda nikalizungushia ganda kabla ya kugonga, inakaza vizuri tu na haina kusubiri epoksi ikauke. Huku Ontario Oktoba baridi imeshaingia, epoksi inachukua siku nzima.

---

FundiColumbus:

Nimewahi kulifanya hilo na sitalifanya tena. Kopo ni aluminiamu, ukiliweka kati ya brasi na zege lenye unyevu linaliwa haraka sana, misimu miwili unarudi pale pale na tundu limeongezeka ukubwa. Kwenye baridi ni kweli epoksi inakuwa nzito, soma kwenye kopo lake joto la chini inalokubali, na ukiwa huna muda tumia simenti ile inayoganda haraka hata penye maji, dakika tatu mpaka tano imeshika, ila changanya ya anka moja moja, usichanganye bakuli zima itakugandia mkononi. Hata hiyo mimi siinasi springi siku hiyo hiyo. Narudi kesho yake. Wateja wananung'unika kwa safari ya pili lakini nawaeleza kwa nini, wengi wanaelewa.

---

Kijana_wa_Brampton:

Sawa kaka, la aluminiamu sikuwahi kulifikiria. Swali lingine, kina cha tundu. Bosi wangu anasema chimba sawa na urefu wa anka, mwingine anasema zidisha.

---

FundiColumbus:

Zidisha. Biti ya robo tatu inchi, ndo milimita 19, na anka za kawaida za zege zinataka kina cha kama inchi 1 na 7/8, mimi naongeza nusu inchi ikiwa zege ni nene inchi 4 kama kawaida. Ile nafasi ya chini ni ya mchanga kushukia na maji kukaa chini ya skrubu badala ya kukaa kwenye nyuzi. Funga tepu kwenye biti kuonesha kina usizidishe zaidi ya hapo. Anza taratibu bila kugonga mpaka biti iweke kidoti chake, ndo uwashe kugonga, na simama wima juu ya drili, ukiinama pembeni tundu linakuwa la yai na nimeshasema mwisho wake.

Vumbi la zege lina silika. Sheria ya OSHA, wale wa serikali wa usalama kazini, inaweka mwisho wake mikrogramu 50 kwa mita moja ya ujazo kwa zamu ya saa 8, ukichimba matundu 20 kavu kavu bila kunyonya vumbi unalivuta kifuani moja kwa moja. Barakoa ya N95, vakyumu imeshikwa mdomoni mwa tundu na mwenzako, au mwagia maji kidogo. Na drili ya waya ichomekwe kwenye ile soketi yenye vitufe viwili katikati inayokata umeme yenyewe, umesimama futi mbili kutoka kwenye maji ujue.

Kugonga: anka ikae sawa na sakafu au ishuke nywele mbili hivi. Usigonge juu ya kichwa cha skrubu kwa nyundo ya chuma, kinapanuka kama uyoga na hakishuki tena ndani. Kipande cha mbao ngumu juu, halafu nyundo.

---

Wa_Nakuru_254:

Wadau hamjambo. Mimi pia niko Jersey, upande wa kaskazini, na huku wateja wangu karibu wote hawana zege, ni kabro mwanzo mwisho. Mwaka jana nilipiga anka ya kawaida kwenye kabro, theluji ya kwanza ikavuta kabro zima likatoka kama jino. Nilirudisha pesa ya mteja. Hii mambo ya kabro nani anaijua poa?

---

FundiColumbus:

Pole bro, na umefanya jambo la heshima kurudisha. Kabro moja halina uzito wa kushika springi, limekaa tu juu ya mchanga. Pale inatumika bomba la aluminiamu la inchi 18 linalopita kwenye kabro na kushindiliwa ardhini, anka inakaa kwenye mdomo wa bomba, kwa hiyo kinachoshika ni udongo wa chini siyo kabro. Unatoboa kabro kwa biti ya almasi ya duara bila kugonga, ukigonga linapasuka. Kama udongo ni wa mchanga mtupu bomba linaweza kulala kuelekea kwenye bwawa, pale mimi nanyanyua kabro, nachimba shimo, namwaga zege chini yake, narudisha kabro juu, halafu natoboa mpaka kwenye zege.

Lakini hapa ndo napataka muwe makini kuliko kote kwenye uzi huu. Kuzunguka bwawa chini ya sakafu kuna waya wa shaba. Kanuni ya umeme ya Marekani (NEC), kifungu 680.26, inataka waya mtupu wa shaba uzunguke bwawa inchi 18 mpaka 24 kutoka ukuta wa ndani, na umelala inchi 4 mpaka 6 chini ya usawa wa udongo. Kazi yake ni kusawazisha umeme ili mtu aliye majini na sakafu anayoshika visitofautiane. Kwenye zege biti yako haifiki huko. Kwenye kabro unashindilia bomba la inchi 18, ukipiga ndani ya ile njia ya inchi 18 mpaka 24 unaweza kuukata na hakuna taa itakayozima kukuambia. Kwa hiyo bomba za kabro nazisogeza nje ya inchi 24, kava nyingi mikanda yake inafika huko bila shida.

Na pigeni 811 siku kadhaa kabla ya kushindilia chochote ardhini, ni bure, wanakuja kuchora gesi na umeme. Ila wanachora mpaka kwenye mita tu. Bomba la gesi la hita ya bwawa na waya wa taa za bustani ni vya mwenye nyumba, hawavichori. Muulize mwenye nyumba, angalia pampu iko wapi, fuata mstari kwa akili.

---

Wa_Nakuru_254:

Maze hiyo ya waya wa shaba miaka minne nafanya hii kazi hakuna mtu aliwahi niambia. Nimeshapiga bomba kama thelathini hivi. Nitarudi kwa kila nyumba na futi.

---

FundiColumbus:

Rudi bro. Zilizo nje ya inchi 24 ziache. Zilizo ndani usizing'oe mwenyewe, ita fundi umeme mwenye leseni apime kama mzunguko haujakatika, ana kifaa chake. Mwambie mteja ukweli.

---

Bi_Mdogo_Kigamboni:

Samahanini mafundi, mimi niko Dar, huku kwetu hatufungi bwawa wala hakuna theluji ila dada yangu ana bwawa nyumbani na anataka kuweka wavu wa kuzuia watoto, ameambiwa na wenyewe unashikwa na anka kama hizi. Pembeni ni vigae. Fundi wa mtaani anataka kuanza kupiga drili kesho, vigae havitapasuka?

---

Mwana_wa_Uvira:

Mama, mwambie azime kugonga kwanza. Kigae anatoboa na biti ya kigae, drili inazunguka tu, na maji anadondosha kidogo kidogo isipate moto. Akimaliza kigae akafika kwenye zege ndo anabadilisha biti na anawasha kugonga. Na asitoboe karibu na pembe ya kigae, atoboe katikati.

---

FundiColumbus:

Hapo amekujibu vyote. Niongeze tu kwa Dar hewa ni ya bahari, chumvi iko hata bila kumwaga chumvi bwawani, kwa hiyo dada yako awe anazungusha skrubu zote juu chini angalau mara moja kwa mwezi na kuzimwagia maji ya bomba. Wavu ule pia uwe umekazwa, ukilegea mtoto akiukalia unazama naye.

---

Mzee_wa_Lewiston:

Vijana nawasoma tangu jana. Mimi niko Maine, nimeshastaafu ila nilifanya haya miaka 17. Kuna kitu hamjakigusa. Mnatibu anka kumbe mgonjwa ni mkanda. Angalieni springi. Ikiwa imenaswa vizuri inabanwa kama nusu ya safari yake. Ikibanwa yote mpaka koili zigusane, basi mkanda umekazwa mno na kila upepo na kila theluji inakwenda moja kwa moja kwenye anka, hakuna cha kupokea mshtuko. Ikiwa haijabanwa kabisa kava linapigapiga na upepo na anka inatikiswa usiku kucha. Rekebisha bizimu kwanza. Nimeona watu wakibadilisha anka ile ile miaka mitatu mfululizo, kumbe mkanda umefupishwa inchi nne.

Na maji. Wengine wanashusha maji ya bwawa chini sana wakifunga. Theluji ikilala juu ya kava, kava linashuka mpaka likalalie maji au barafu, na hapo maji ndo yanabeba. Ukishusha maji kupita alivyoandika mtengenezaji wa kava, hakuna cha kulalia, uzito wote unaning'inia kwenye anka. Utaona zimeinama zote kuelekea bwawani.

---

FundiColumbus:

Shikamoo mzee. Hili la springi nimelisoma mara mbili na kesho nakwenda kuangalia mabwawa mawili ambayo nimekuwa nikilaumu zege.

---

Mzee_wa_Lewiston:

Marahaba. Lingine, mkishusha anka mwezi wa tano msizishushe na mchanga wake. Wote mnapigana nazo Septemba, zilikwama tangu Mei. Siku ya kutoa kava skrubu iko juu, iko wazi, imekaa miezi sita inaangalia mbingu. Mimi nilikuwa nazitoa zote nje kabisa, nazitia kwenye ndoo ya maji yenye sabuni, nasugua kwa brashi ya brasi, naosha ganda ndani, napaka kitu kidogo, narudisha. Bwawa moja ni nusu saa.

---

Kijana_wa_Brampton:

Mzee unapaka nini? Huku kuna ubishi mkubwa, wengine grisi ya gari, wengine vaselini, wengine wanasema usipake kabisa.

---

Mzee_wa_Lewiston:

Silikoni. Filamu nyembamba, halafu unafuta kama umekosea. Grisi ya gari ni gundi ya mchanga.

---

Mwana_wa_Uvira:

Miye na mjomba tunaweka ile ya fedha fedha ya kuzuia vyuma kushikana, ile ya fundi wa breki, na kwa mabwawa ya chumvi imetusaidia sana kupita silikoni. Inachafua mikono na sakafu, ni kweli, lakini miaka miwili skrubu zinapanda na vidole.

---

FundiColumbus:

Mimi nilikuwa upande wa silikoni lakini kwa chumvi nitaijaribu hiyo ya Louisville kwenye bwawa moja, nusu ya anka hivi na nusu vile, nione mwakani. Tukubaliane tu kwamba chochote unachopaka kiwe kidogo na nyuzi ziwe safi kwanza, kupaka juu ya mchanga ni kutengeneza msasa.

Kwenye sakafu ya mbao sijasema. Zipo anka zenye sahani bapa inayofungwa kwa skrubu tatu. Usiifunge kwenye ubao wa juu peke yake, ule ni mwembamba na utavutwa. Ingia chini, weka kipande cha mbao nene kati ya mihimili pale pale anka inapokaa, skrubu zifike huko. Kama huwezi kuingia chini basi sogeza anka mpaka ikutane na muhimili.

---

DadaWaEdison:

Narudi kutoa taarifa. Fundi amekuja leo asubuhi, nimemuuliza lile swali, akanijibu moja skrubu imekwama na nyingine ganda linazunguka. Kumbe alikuwa anajua. Amechokoa ya kwanza kwa msumari kama ulivyosema imepanda. Ya pili ameing'oa ameweka epoksi, kesho saa nne anarudi kunasa. Nimemwonesha springi za upande ule pia, mbili zilikuwa zimebanwa mpaka mwisho, amelegeza bizimu. Usiku huu mlango umefungwa juu na mume wangu amelala sebuleni upande wa mlango.

---

FundiColumbus:

Alhamdulillah. Kesho akinasa, wewe mwenyewe zunguka bwawa zima kwa miguu, kila anka ishike kwa mkono uivute kuelekea bwawani, isicheze. Halafu chora kwenye karatasi umbo la bwawa na namba kila anka kuanzia ngazi, andika ipi imewekwa upya na tarehe, bandika kwenye boksi la pampu. Atakayefungua Aprili, awe yeye au mwingine, ataanzia hapo.

Na kwa yule bibi wangu wa Columbus: ile iliyopotea nilichimba jipya inchi 4 nyuma ya tundu la zamani, kwenye mstari ule ule wa mkanda, nikaziba la zamani. Zile mbili za epoksi nimenasa jana. Ziko 22 zote.